Krenki Iliyoimba

Asubuhi ile kwenye gereji ya Temeke tulikuwa wanne: mimi, fundi mkuu aliyenifundisha kazi, Mhindi mwenye gereji, na Mzungu wa forodha aliyefuata gari lake jekundu la mbio, la viti viwili. Wazazi wangu walishafariki, shule niliiacha darasa la nne, na wadogo zangu watatu walikula kwa kazi ile.

Mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, gari lilikuwa na puli nzito yenye mpira ndani wa kumeza mtetemo. Mpira ulikuwa umekufa. Fundi mkuu hakuagiza nyingine. Alifunga puli kavu ya lori, isiyo na mpira.

“Puli ni puli, mwanangu,” aliniambia.

Nililijaribu barabara ya Pugu. Lilikwenda laini mpaka maili hamsini kwa saa. Hapo injini nzima ikavuma kwa sauti moja, usukani ukaniwasha viganja, na kwenye kioo mnazi mmoja ukawa miwili. Nikizidisha mwendo, kimya. Nikirudi hamsini, tena. Sisi mafundi uvumi ule tuliuita kuimba. Injini inayoimba haikabidhiwi mwenyewe, maana krenki inajisokota na kujirudi mpaka ikatike.

Nikarudi, nikasema mbele ya wote, “Bwana, inaimba kwenye hamsini.”

Mzungu akapiga makofi. “Inaimba? Mzuri sana! Mimi takwenda Morogoro na hamsini, sikia wimbo njia yote!”

Nilimtazama fundi mkuu afafanue. Akacheka pamoja naye. “Safari njema, Bwana. Kijana huyu ana sikio.”

“Hapana, Bwana, kuimba ni—”

“Wee! Kalete maji ya rejeta!”

Niliporudi na debe, gari lilishaondoka.

Siku ya tatu likaletwa limefungwa nyuma ya lori, krenki vipande viwili. Mzungu alifoka mpaka mate yakamtoka. Fundi mkuu akanyoosha kidole, si kwenye puli, kwangu.

“Aliyelijaribu ni huyu. Nyote mlimsikia akisema linaimba.”

“Ulisema?” mwenye gereji, asiyejua lugha yetu ya mafundi, akaniuliza.

“Nilisema.”

“Basi chukua shati lako, nenda.”

Puli ya lori ilikuwa mbele yetu, bado imefungwa kwenye kipande cha krenki. Sikuionyesha.

Nyumbani, mdogo wangu wa kike alinijia juu. “Kaka, mdomo nao uliuacha shuleni?”

Nikamweleza asilolikumbuka. Baba alipokufa kwa ndui, jirani walifunga milango. Yule fundi aliingia peke yake, akamwosha, akamvisha sanda.

“Basi leo umemlipa,” akasema.

“Sijamlipa. Leo amenidhulumu tu.”

Miaka miwili nilibeba magunia bandarini ili wadogo zangu wale. Nikikutana na fundi njiani nilimpa shikamoo, naye aliitikia akitazama chini. Sijamsamehe, hata sasa. Lakini hisani ile aliyomfanyia baba bado ananidai.