Chumba Alichoombwa Mama Sare

Mtaani walimwita Mama Sare, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na mtoto wa shule tatu za jirani aliyevaa sketi au kaptula ambayo haikupita kwenye cherehani yake. Jicho lake lilikuwa na sifa. Mzazi akiingia na mtoto, kabla hata hajaketi, Mama Sare alikwisha kumaliza kazi kichwani: kiuno hiki, urefu huu, na pindo tuliache pana maana huyu mwakani atachomoka. Futi ya kitambaa aliivaa shingoni kwa heshima ya kazi tu. Mara chache sana aliihitaji.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, na tusiipambe kwa maneno. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea, kimejaa meza ya kukatia, cherehani mbili na vitambaa mpaka dirishani. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, kitanda kimoja na kabati. Jiko lilikuwa uani. Juu kulikuwa na dari ya mbao, na juu ya dari paa la mabati, na katikati ya viwili hivyo palikuwa pakavu, patupu, pana vumbi na joto. Hakuna aliyewahi kupafikiria mahali pale, hata panya walikuwa wamehama.

Mama Sare alikuwa na mtoto mmoja, binti, na binti huyo hakukua mikononi mwake. Mumewe alipofariki, yeye mwenyewe alikuwa akikohoa, na kikohozi kile kikamlaza hospitali miezi saba. Wifi yake, dada wa marehemu, akamchukua mtoto akiwa na miaka minne. Alisema, "Nenda katibiwe, wifi, mtoto hana shida kwangu." Na kweli hakuwa na shida. Mama Sare alipopona akaenda kumchukua, akamkuta ameanza shule ya awali, ana marafiki, ana kikombe chake cha rangi anayoipenda. Wifi akaomba amalize mwaka. Mwaka ukazaa mwaka. Halafu wifi akahamishwa kikazi mji wa mbali, safari ya siku mbili, na kuonana kukawa kwa bahati. Mara ya mwisho binti alikuwa na miaka kumi na mbili. Sasa alikuwa na kumi na saba.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakutuambia mzazi yupi, yule aliyezaa au yule aliyekesha na homa za mtoto. Mama Sare alilifikiria hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila alipolifikiria alijiona mkosaji. Ndiyo maana kila Jumapili alipopiga simu, mazungumzo yalianzia kwenye shikamoo na kuishia kwenye "unisamehe mwanangu".

Jumapili moja binti akamwambia kwamba ameomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo chenyewe kiko mji huuhuu wa mama yake. Mama Sare hakungoja amalize. Akamwambia aje akae nyumbani, miaka yote mitatu, asihangaike.  Kisha binti akasema kwa upole, "Lakini nyumba yako ni ndogo. Labda kungekuwa na chumba changu mwenyewe."

Mama Sare alipoweka simu chini aliinua macho akaitazama dari, na hakuyashusha kwa muda mrefu.

Asubuhi yake akamwita seremala. Huyu mtaa ulimpa jina la Fundi Kesho, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Lakini safari hii alikuja siku ileile, akapanda ngazi, akatoa ubao mmoja wa dari, akaingiza kichwa na tochi, akakaa huko mpaka miguu yake ikaanza kuchekesha. Alipotoka alikuwa mweusi kwa vumbi na mwenye furaha. Alisema panafaa. Kenchi zilizoshikilia paa zilikuwa imara, ila zile mbao za kati zilizokatiza njia zingeondolewa, na badala yake zisimamishwe nguzo fupi pembeni. Akaonya kwamba kenchi haikatwi ovyo, maana paa likikasirika linakukalia kichwani. Sakafu ingewekwa mbao nene. Chini ya mabati pangepigwa karatasi za kuzuia joto, na ukutani pangetobolewa dirisha lenye kuangalia barabara.

Tatizo lilikuwa ngazi. Ingetua palepale ilipokuwa meza ya kukatia. Fundi akasita kulisema, akijua meza ile ndiyo mkate wa mwenye nyumba. Mama Sare akajibu bila kufikiri kwamba meza itahamia chumba cha nyuma, na kitanda chake kitauzwa, yeye atatandika godoro chini ya meza. Fundi akacheka akidhani ni utani.

Ili Mama Sare aone vizuri, walitoa cherehani barazani, wakasogeza meza, na fundi akachora chumba kizima sakafuni kwa chaki ya mshonaji. Hapa ngazi inapotokea. Hapa dirisha. Mstari huu wa katikati ndio mgongo wa paa, hapo mtu anasimama wima. Ukienda huku na huku paa linashuka, kwa hiyo kitanda kikae pembeni, kwa kuwa mtu aliyelala hana haja ya kusimama. Meza ya kusomea ndiyo iliyokuwa na mashaka. Ikisogezwa mno pembeni, mwenyewe akiinuka atajigonga.

"Kwani mtu mwenyewe ana urefu gani?" fundi akauliza, chaki mkononi.

Swali jepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa maishani. Mama Sare alishika futi iliyokuwa shingoni. Alikuwa na picha za simu, nyuso tupu zinazotabasamu, na uso hausemi urefu. Angeweza kumpigia wifi amuulize, lakini afadhali angekula chaki ile. Mama wa kuuliza mwanawe ana urefu gani. Watoto wa watu wote aliwajua mpaka upana wa mabega, wa kwake hakumjua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akafanya hesabu ya haraka ya wasichana wa kidato cha nne aliowashonea mwaka ule, akachukua wa kati.

"Futi tano na inchi mbili," akasema.

Fundi akachora meza ya kusomea, akachora na kiti. Wakakubaliana ataleta mbao Jumatatu. Wiki ile Mama Sare alishona barazani, na kila mteja aliyepita alionyeshwa chumba. Mtaa mzima ukajua binti anakuja kukaa kwao. Wengine walimpongeza, wengine walijipitisha tu kuona michoro. Yeye alikuwa akiingia ndani, anasimama kwenye mstari wa katikati, anatazama barabara kupitia dirisha ambalo halikuwepo. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Jumamosi binti akaja kwa usaili wa chuo, akisindikizwa na wifi. Walikuwa na saa mbili kabla ya basi la kurudi. Mama Sare aliwasikia wakipiga hodi, akatoka mbio, na binti akainama ili kichwa kisiguse fremu ya mlango.

Futi tano na inchi tisa. Jicho lilisema lenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa mrefu kama marehemu, shingo ileile, mikono ileile isiyojua ikae wapi. Mama Sare alimkumbatia na uso wake ukaishia kifuani kwa mwanawe. Walisalimiana, wakanywa chai. Wifi, ambaye hakuwa mtu mbaya na haitasemwa hapa kwamba alikuwa mbaya, aliiona michoro, akaisifu, halafu akasema anatoka kidogo kununua maji ya safari. Maji yalikuwepo mezani.

Wakabaki wawili. Mama Sare akaanza kumtembeza: hapa ngazi, hapa kitanda, hapa utasoma. Binti akasimama penye meza ya kusomea, na wote wawili wakaona, hata bila paa, kwamba kichwa chake kingepita kwenye mabati.

"Si neno," Mama Sare akasema haraka. "Tutalinyanyua paa upande huu. Nitamwambia fundi. Linanyanyuliwa tu, tutaezua mabati, tutaongeza nguzo. Usijali kabisa."

"Usinyanyue paa," binti akasema.

"Ni kazi ya siku mbili tatu, mwanangu."

"Tafadhali usinyanyue." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilisema chumba kwa sababu nilijua hakipo. Sikutaka kukwambia hapana."

Mama Sare hakuelewa mara moja. Alikuwa bado anahesabu nguzo. Kisha akaelewa, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ungeniambia tu," akasema.

"Ningekwambiaje? Kila ukipiga simu unaniomba msamaha. Nikikataa utadhani sijakusamehe." Akajifuta kwa kiganja. "Nitakaa bweni. Mama ameshanijazia fomu."

Kwa kitambo kidogo Mama Sare alijiuliza ni fomu gani hiyo aliyoijaza, kabla hajatambua kwamba mama aliyetajwa ni wifi.

Hakugomba wala hakubembeleza. Alimwambia bweni ni zuri, atakuwa karibu na maktaba, atapata wenzake. Binti akasema atakuja kumtembelea. Akajibu karibu sana, kama mtu anavyomjibu jirani. Wifi aliporudi na chupa mbili za maji akamkuta anafunga keki ndani ya gazeti, ya kula njiani, na alipotaka kusema kitu Mama Sare akamwambia, "Wahini basi, wifi." Aliwasindikiza mpaka kona, akapunga mkono, akarudi.

Jumatatu asubuhi Fundi Kesho akafika na mkokoteni wa mbao, kwa wakati, jambo ambalo lilitosha kuwatoa watu majumbani. Mama Sare alikuwa mlangoni na mteja aliyefuata sare za wanawe. Alikuwa ameandaa uongo tangu usiku: kwamba msimu wa mvua uko karibu, kwamba ni bora kungoja. Akamwambia mbao zirudi. Fundi akauliza kulikoni, na uongo ukagoma kutoka.

"Haji, fundi. Ana kwao."

Fundi akadhani hakusikia sawasawa. Alitazama mbao zake, akatazama ndani ya chumba, akamtazama mshonaji. "Si hapa ndipo kwao, Mama Sare?"

"Hapa ni kwangu," akasema, na hapo ndipo alipolia, mbele ya fundi, mbele ya mteja, mlango wazi na mtaa mzima ukitazama.