Kisu cha Vitunguu na Friji Lililokataa Kupoa

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, mvua za Sumbawanga zilinyesha kama zimetumwa, na nyumba yetu ya Majengo ilinuka kimea cha ulezi, ile harufu tamu yenye uchachu kwa mbali. Hakuna aliyejiuliza inatoka wapi, maana alipo bibi ulezi haukosekani. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka Kasense kuja kukaa kwetu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Alichomwa sindano ya insulini kila siku, na vichupa vyake vilikaa mlangoni mwa friji, pale sebuleni. Mama alinionya kwamba ile ndiyo roho ya bibi, mkono wangu usifike pale.

Basi mkono wangu haukufika mlangoni. Ulifika juu, kwenye freza. Nilikuwa mlafi wa barafu, Mungu anisamehe. Kwa baridi yote ile ya Ufipa, na sweta mwilini, bado niliitamani ile nyeupe iliyoganda ukutani mwa freza. Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, nilichukua kisu cha vitunguu nikaichokonoa. Kisu kikagota kwenye kitu kigumu. Nikakirudisha jikoni mbio, nikaenda kukaa na daftari langu kama malaika. Jumatatu asubuhi mama akashika maziwa, akashika dawa, akasema, “Mbona humu hamna baridi?” Moyo ukanipiga paa!

Taa iliwaka na mota iliunguruma bila kupumzika, lakini ndani palikuwa kama sebuleni tu. Mama akazungusha swichi ya baridi mpaka mwisho, akafuta mpira wa mlango, akachomoa waya akachomeka tena. Wapi! Akaviweka vichupa kwenye bakuli, bakuli kwenye karai la maji ya mtungini, akakimbilia zahanati kuuliza. Muuguzi akamwambia kwa baridi ya kwetu dawa itavumilia siku chache. Mimi nilisikia “siku chache” tu. Bibi akanitania kama kawaida yake, “Mke mwenzangu, mbona umenuna, mume wetu kakukosea nini?” nami nikakimbilia chooni kulia. Nilikuwa na hakika nimemuua. Nikaanza kusali rozari bila kulazimishwa, jambo lililozidi kuwatia watu wasiwasi.

Jumatano akaja fundi Kastori, mtu mrefu mwenye kikohozi. Akamwamkia bibi shikamoo, akafungua freza, akapitisha kidole ukutani. “Nani kachokonoa hapa kwa kisu?” Nikasema ni mimi kabla mama hajageuka. Nikayamwaga yote kwa kilio, kwamba nimelitoboa, kwamba bibi atakufa. Mama alinitazama kwa lile jicho ambalo siku nyingine hufuatwa na fimbo. Fundi akasema pamekwaruzwa tu. Ningetoboa, gesi ingetoka na mabomba ya mgongoni yangekuwa baridi. Akalivuta friji kutoka ukutani.

Lahaula! Mgongoni, juu ya yale mabomba membamba, vilining'inia viroba viwili vya kimea, vimefungwa kwa kamba, vinakauka taratibu. Fundi akagusa bomba, akatoa mkono haraka. Friji hutupa joto lake kwa mgongo, akatueleza, na hili limevalishwa blanketi. Sote tukamgeukia bibi.

“Jua liko wapi?” akauliza bibi bila haya. “Kimea cha togwa ya Pasaka nikianike kichwani kwako?”

Togwa yenyewe daktari alikuwa amemkataza! Fundi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. “Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema. Akaviondoa viroba, akafagia vumbi, akaacha nafasi kati ya friji na ukuta, na kufika jioni maziwa yalikuwa baridi. Jamani, nilivyopumua! Nilimkumbatia bibi kiunoni, nikacheka na kulia kwa pamoja, naye akanipigapiga mgongoni akisema mficha maradhi kifo humuumbua, utadhani si yeye aliyeficha viroba.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sasa nami ni mama, na friji langu halina hata haja ya kuchokonolewa, linayeyusha barafu lenyewe. Watoto ndio wale wale. Wiki iliyopita binti yangu aliitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji, akaja nayo mkononi inachuruzika. “Mama, ni mimi.” Nilikasirika, nisidanganye, simu yenyewe mpya. Lakini maneno hayo mimi yalinichukua siku nne na fundi juu. Nikameza hasira, nikamwambia asante kwa kuniambia. Simu haikupona. Mtoto alikula, akashiba, akalala fofofo.