Mpaina wa Kwenye Debe

Mwaka nilioolewa, baba yangu alinipa mche wa mpaina ukiwa kwenye debe, nikatoka nao Mafinga hadi Mbeya juu ya basi. Baba alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miti, na zawadi nyingine hakuwa nayo. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mche ulikuwa mzuri, ulinifika kiunoni.

Nyumbani kwa mume wangu ni mlimani, juu ya Iyunga. Siku zile kanisani kwetu kila Krismasi walikata tawi la mti wowote mbichi, wakalichomeka kwenye ndoo ya mchanga, na kabla sikukuu hazijaisha lilikuwa limenyauka. Mwaka ule wakausimamisha mpaina wangu. Tuliupamba kwa pamba na karatasi za rangi, watoto wakasimama mbele yake kusema aya zao, na harufu yake ikajaa kanisa zima. Nami nilikaa benchi la nyuma nikijiona mtu.

Baada ya sikukuu wanawake wa kanisa tulikutana kufagia. Kiongozi wetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa, akauliza nani anataka kuni.

"Huu hauchomwi," nikasema. "Una mizizi. Krismasi ijayo utasimama hapahapa."

Wakacheka. "Msikieni Mhehe! Kafika juzi, leo anaahidi mambo ya mwaka kesho."

"Na ukifa je?" akauliza kiongozi.

"Haufi."

Sijui ujasiri ule niliupata wapi. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na mpaka leo nikisema neno hurudi nyumbani nikilitafuta kosa lake. Lakini lilikwisha toka, na mama mkwe wangu alikuwa pale na ufagio wake, amelisikia. Njiani, mimi na debe kichwani, yeye mbele, alisema bila kugeuka, "Umeiweka nyumba yangu ndani ya neno lako, mwanangu. Basi tutautunza."

Na kweli aliutunza. Naomba hili lieleweke, maana wapo waliosema baadaye kwamba yeye ndiye aliyeuharibu. Aliona udongo wa debeni umechoka, akautoa mti, akakung'uta udongo wote wa zamani, akaurudisha na udongo mweusi wa migombani kwake, samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Mimi ndiye niliyemshikia shina. Migomba yake ilikuwa mizuri kuliko ya mtu yeyote upande ule wa mlima. Nani angemwambia asifanye hivyo?

Mvua zilipokuwa zikielekea kwisha, mpaina ukaanza kuwa manjano kutoka nchani. Mama akaongeza samadi. Ukazidi. Wanawake wa kanisa wakipita njiani wanachungulia uani.

"Bi harusi, tulete shoka?"

Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia ndani. Nilikuwa mgeni, wa kabila jingine, Kisafwa chenyewe kinanipiga chenga, na neno la kwanza nililowahi kulisema hadharani lilikuwa linanyauka uani huku kila mtu akiliona.

Kaka yangu alipooa nilienda nyumbani. Salamu hazijakwisha vizuri nikamweleza baba.

"Udongo wake wa mwanzo mliupeleka wapi?"

"Tuliumwaga."

Baba akashika kiuno. "Hata sisi kitaluni, tukipanda kwenye udongo mgeni miche inakuwa manjano hivyohivyo. Tukichanganya na udongo wa chini ya mipaina mikubwa, inapona. Usiniulize kwa nini. Hata mimi sijui."

Tukaenda pamoja, tukajaza gunia. Ulikuwa udongo laini, una sindano kavu na nyuzi nyeupe kama ukungu.

Utingo wa basi alilinyanyua lile gunia, akalitua tena. "Mama, humu kuna nini?"

"Udongo."

"Udongo! Kwani Mbeya umekwisha?"

Abiria wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mwache. Mhehe akigombana na ndugu zake anahama na shamba." Hata mimi nilicheka.

Kicheko kiliniisha nilipoanza kupanda mlima wa kwetu. Ndipo nilipowaza: mke wa mwana anatoka kwa wazazi wake na gunia la udongo, anakuja kuumwaga kwenye ua wa mama mkwe. Nani atasema si dawa? Na nikieleza ni wa kazi gani, nitakuwa nimemwambia mama kwamba samadi yake ndiyo inayoua. Niliwaza kuutia debeni kwa siri. Sikuacha kwa sababu ya wema. Niliogopa kukamatwa.

Nikalitua gunia mbele yake, mchana kweupe, akiwa anapepeta maharage.

"Mama, nimeleta udongo wa kwetu. Ni wa mti."

Akaacha ungo. Gunia hakuligusa. "Wa mti tu?"

"Wa mti tu. Baba anasema mpaina hautaki mwingine."

"Na wangu una nini?"

Nikasema, "Wako una shibe, mama. Mti huu umezoea njaa."

Akanitazama. "Kumbe na mti wenyewe ni Mhehe kweli," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akatia mkono guniani, akanusa. "Unanuka Krismasi." Akaenda mwenyewe kulichukua jembe.

Muda mrefu hatukuona kitu. Baridi ya Julai ilipita, mti uko vilevile. Kisha wakati wa kiangazi nchani pakatokeza kijani, kidogo kama ncha ya penseli. Sijui kama ni udongo ule, au ni kuacha samadi, au mvua kukoma. Jirani mmoja alisema ungepona wenyewe, na huenda ni kweli. Lakini niliita nyumba nzima ije kutazama.

Siku ya kuupeleka kanisani, kiongozi wa wanawake alitungoja mlangoni. Akalivuta shina kwa nguvu, aone kama hatukuchomeka tawi. Debe zima likasogea.

"Haya, wapisheni," akasema.

Upande mmoja ulikuwa bado na manjano. Huo tuliuelekeza ukutani.

Katika ibada mwinjilisti aliuliza mti ni wa nani, ili washukuriwe. Mama mkwe akasimama. "Ni wa kwetu. Samadi ni yangu, udongo ni wa mkwe wangu." Watu wakacheka, naye akanishika kiwiko, akanivuta. "Simama wewe, wakuone."

Nikasimama, na safari hii uso sikuuinamisha.