Mtumbwi wa Lubisi na Maji ya Buluu

Nilipaswa kusema hapana. Mwalimu wa kemia aliponiomba mtumbwi wa baba, ule wa kukamulia ndizi za pombe, niliitikia kabla hajamaliza sentensi.

Ilikuwa Kituntu, miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimeshachumbia. Mama alitia rangi ukindu wa mikeka kwa unga wa rangi wa wachuuzi wa Murongo, na maji yake ya buluu yalishuka hadi kijito walichonywea ng'ombe. Majirani walilalamika. Mwalimu akanieleza kwamba wataalamu wa nje walikuwa wakichunguza poda nyeupe, oksidi ya zinki, ambayo ikipigwa na jua huvunja rangi katika maji machafu ya viwanda vya nguo. Wengine walijaribu kuigandisha kwenye kioo ili isipotee na maji. Yeye alikuwa na kopo moja. Alihitaji chombo kipana, kisicho na kina.

Asubuhi tulimimina maji ya buluu mtumbwini, tukatia poda, tukakoroga kwa zamu chini ya jua kali. Alasiri tuliiacha poda itulie. Nikaona mti wa mtumbwi chini ya maji! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka na mwiko mkononi.

"Mwalimu, imeondoka yote!"

"Tulia, bwana harusi. Kesho tuweke mengine humu humu, kivulini, tulinganishe. Huenda si jua peke yake."

Kesho yake sikwenda. Furaha ilinijaa, na nyumbani tulikuwa tunaandaa lubisi, pombe ya ndizi, ya kupeleka ukweni. Nilisugua mtumbwi, baba akakamulia humo ndizi, akatia mtama, nami sikumwambia tulichokuwa tumetia humo.

Ukweni, baba mdogo wa mchumba wangu alimimina pombe kwenye kikombe cheupe cha bati. Ilikuwa ya kijani.

"Mzee mwenzangu, ninyi Kituntu mnakamua ndizi au majani yake?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Mti ndio ulikuwa umeinywa rangi nyingi, na ukali wa pombe ukaitoa. Maji ya kivulini yangefifia vilevile bila jua, yakanionyesha hilo kwa siku moja. Nilipokiri, wakasema tumewaletea sumu, wakatufungia mlango.

Baba aliupasua mtumbwi wake kuwa kuni. Binti yule aliolewa Kyerwa. Mimi sikuoa kamwe; nimezeeka peke yangu.