Kangaga Langu la Kolwezi

Sisi tuliokulia Kolwezi enzi zile tuna mambo ya kujivunia ambayo vijana wa leo hawayaamini. La kwangu ni mmea nilioulima ndani ya maji nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa Maniema. Alinunua sanduku la kioo la kufugia samaki kwa jirani aliyekuwa anahama, tukaliweka sebuleni. Wageni walisahau bukari, ugali wetu, mezani wakiwatazama samaki. Siku moja akarudi kutoka Kasaji na kifurushi kibichi. Ndani mlikuwa na kangaga la mtoni, majani yamechanika kama manyoya ya jogoo aliyenyeshewa.

"Iyi ni yako, Zaina," akaniambia. "Isikufe."

Mimi nilijua kupanda mahindi tu, basi nikalifukia mchangani hadi shingoni. Wiki ya pili majani yakawa meusi, shina likalainika, maji yakaanza kunuka. Dada yangu Salima akataka kulitupa. Nililia hadi nikapata kwikwi, maana Baba alikuwa Lubudi, na Jumamosi angerudi.

Mama akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akalichomoa.

"Weye unazika mutu muzima? Iyi inaishi juu ya libwe, haiishi mu muchanga!"

Tukakata palipooza, tukalifunga shina juu ya jiwe kwa uzi wa cherehani, mizizi tukaiacha wazi. Sanduku tukalisogeza mbali na dirisha, kwa sababu jua kali halikulifaa. Kisha Mama akanipa kazi ngumu kuliko zote: nisiliguse.

Jumamosi Baba alikuta majani matatu. Aliinama, akatazama kwa muda, asinigombeze. "Iko muzima," akasema, akaenda kuoga.

Likashika. Miezi ikapita, shina likatambaa hadi likalifunika jiwe, mizizi ikang'ang'ania yenyewe, tukaukata uzi. Nikakata kipande, nikakipeleka shuleni ndani ya chupa ya mayonezi. Mwalimu akakiinua darasa zima likione.

"Batoto, ni nani alilima iyi?"

"Ni mi, Tata Mwalimu."

Wakanipigia makofi, hata wale wakubwa wa nyuma waliozoea kunicheka. Mama naye aliposikia, kesho yake soko zima lilijua kabla ya saa sita.

Siku hizi vijana wetu wanaweka majani ya plastiki, tena ya zambarau, wanayasugua kwa brashi kama sahani. Mwezi uliopita Nadia, binti mkubwa wa Salima, aliniuliza kwa nini bado nahangaika na kangaga. Nikamwambia halinihangaishi hata kidogo. Kila asubuhi naangalia tu kama limetoa jani jipya.

"Na kama halijatoa, mama mudogo?"

"Nangoja."

Akacheka, akatafuta viatu vyake, pikipiki ilikuwa inamsubiri nje. Alipoondoka nilisogea kwenye kioo cha sanduku. Lilikuwepo jani moja, dogo, bado limejikunja.