Kimashine cha Mdogo Wake Shoka

Wivu, jamani, hauna dawa. Shoka alikuwa amekata miti miaka ishirini na mbili, mtaa mzima ukimwita kwa jina la kifaa chake, halafu siku moja mdogo wake, aliyemfundisha yeye mwenyewe kazi, akaja na kimashine cha kusaga matawi. Kimashine chenyewe kidogo, magurudumu mawili, kinapita hata mlango wa choo. Tawi unalitia mdomoni, linatokea upande wa pili vipande vipande. Tangu hapo simu za wateja zikahamia kwa mdogo.

"Hiyo si kazi, ni mchezo wa watoto," Shoka alimwambia mkewe.

"Basi mbona chakula hakikupiti kooni?" mkewe akamjibu.

Kilichomchoma hasa ni kazi ya fundi cherehani. Mparachichi wa mama huyo uko uani, umebanwa kati ya jiko na ukuta, na njia ni kichochoro kimoja tu chenye kona. Miaka yote Shoka alifunga matawi mafurushi akayatoa begani, kwenda na kurudi mpaka bega livimbe. Ulikuwa mti wake, bwana! Sasa fundi kampigia mdogo, na mdogo, kwa adabu zake zile zinazoudhi, akaja kumwomba.

"Kaka, panda wewe ukate, mimi nisage chini. Hakuna anayeujua mti ule kama wewe."

Angekataa vipi?

Asubuhi ile kimashine kilipita kichochoroni bila kugusa ukuta. Fundi akatoka na futi yake shingoni, akapiga makofi.

"Heee! Na vipande vyote unaniachia nimwage bustanini? Shoka, mdogo wako ana akili. Wewe na mafurushi yako mlikuwa mnanichania nguo za wateja tu!"

Shoka, juu ya mti, akacheka kwa meno. Roho ilimuuma mpaka mate yakawa machungu. Ndipo akafika kwenye tawi lililoelekea paa la jiko, akalikumbuka. Zamani, mdogo wake akiwa bado shule, Shoka mwenyewe alilikanyaga vibaya likapasuka. Kwa aibu akaliunga kwa misumari mitatu, akapaka udongo, hakumwambia mtu. Mti umeimeza misumari yote, gome limefunga, huoni kitu.

"Na kivunjike kisu cha hiyo mashine," akajisemea. "Kisu tu. Watu wajue nani fundi hapa."

Akalikata, akaliachia lidondoke.

Mdogo alianza na matawi membamba. Mara mbili Shoka alifungua mdomo amwambie, mara mbili fundi akakisifu kimashine, naye akaufunga.

Jua lilipofika utosini, mdogo akaliinua tawi lile. Miwani yake ya kinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ya jasho, naye ameinama mbele ya mdomo wa mashine. Shoka akauona uso ule, wa mama yao kabisa, na moyo ukampasuka.

"Acha! Zima!"

Nani asikie, ngurumo ile? Akavua kiatu akakirusha. Kikampiga mdogo mgongoni, tawi likamponyoka, akazima mashine.

"Kaka! Wivu umefika hapo, mpaka unanitupia viatu?"

Shoka akashuka nusu akianguka, akachomoa shoka kiunoni, akalipasua tawi. Misumari mitatu, imekula kutu.

Fundi akashika kifua. "Uuuwi! Ingemtoa jicho! Shoka, Mungu akupe maisha. Huyu ndiye kaka!"

Mdogo aliipapasa misumari kwa kidole, akatazama juu pale tawi lilipotoka, akalitazama lundo la vipande lililokwisha kufika magotini.

"Tawi hili umelikata asubuhi," akasema polepole. "Ulikuwa unajua?"

Fundi bado alikuwa akimsifu. Shoka angeweza kusema kwamba amekumbuka sasa hivi tu, na mdogo wake angeamini, maana hakuwahi kumwona akidanganya.

"Nilijua."

Mdogo akashusha miwani machoni. Akaenda ukutani, akakiokota kiatu, akakikung'uta unga wa mbao, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shika kiatu chako," akasema. Hakumwita kaka.