Jiwe la Mpaka wa Nyika

Ashukuriwe Mungu, atoaye mvua na atoaye subira ya kuingojea. Wiki jana vijana wa kanisa letu walipaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia, na harufu yake mbichi, kali kidogo puani, ikanirudisha Kangundo miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la nne, mtoto asiyeweza kutulia.

Kwetu ni Wamunyu, upande mkavu. Mvua ilikuwa imetukwepa msimu baada ya msimu, kwa hiyo mama akanipeleka kwa shangazi, dada wa baba, huko juu kwenye mikahawa na migomba. Aliniachia neno moja: "Mvua ikinyesha nyumbani, nitakuja kukuchukua." Tangu hapo sikuweza kumaliza sahani bila kutoka nje kutazama mawingu ya upande wa kwetu. Shangazi alisema shingo yangu ingerefuka kama ya twiga.

Muhula ule Mwalimu Mutiso alituongoza kutengeneza Kenya kwenye uwanja wa shule. Tuliichora kwa jembe, kisha tukaigawa kanda kwa kanda. Ziwa lilikuwa karai la maji lililofukiwa hadi ukingoni. Mlima Kenya ulikuwa kilima cha udongo chenye majivu kileleni badala ya theluji. Nyanda za juu zikapata udongo mwekundu na majani ya kahawa. Nyika ikapata mchanga na vijiti. Kati ya kanda hizo mbili tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa, kuonyesha, kama Mwalimu alivyosema, mahali mvua nyingi inapoishia.

"Mueni asimame nyika, ndiko kwao," akasema Kioko, mtani wangu wa darasani. "Kwao hata kunguru husafiri na maji yake."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana kunguru huyo nilimwona kabisa, na kibuyu chake shingoni.

Lakini maneno ya Mwalimu yalinishika: mahali mvua inapoishia. Nikaona jinsi mahali pa Wamunyu palivyokuwa karibu na jiwe, upana wa kiganja tu. Nikainua mkono.

"Mwalimu, tafadhali, hili jiwe lisogezwe kidogo."

"Limekukosea nini?"

"Limekaa vibaya."

"Mpaka huo sikuuweka mimi, Mueni. Umewekwa na mvua."

Nilijua Maandiko yanamkemea asogezaye mpaka; shangazi alikuwa ametusomea. Hata hivyo niliinama mbele ya darasa zima, nikalikumbatia lile jiwe, chokaa ikinipaka sare, nikalitua ng'ambo ya Wamunyu, kwetu kukawa upande wa mvua.

"Mwalimu, Mueni anahamisha Kenya," Kioko akashtaki.

Nikangoja fimbo. Mwalimu akaniuliza taratibu ninafanya nini. Nikamwambia nataka kwetu kunyeshe, mama aje. Mwalimu akawageukia wenzangu.

"Liacheni hapo," akasema. "Kama limekosea, mvua italirudisha."

Mvua ilikuja, na haikurudisha kitu. Ilinyesha Kangundo kutwa kucha, tukakuta Kenya yote imekuwa tope moja, majivu ya mlima yakielea ziwani. Wenzangu walihuzunika. Mimi sikuwa na nafasi ya huzuni. Nilitaka kujua jambo moja tu, na mawingu hayakuniambia.

Jumamosi, nikipukuchua mahindi na shangazi, mama akatokea kwenye migomba, kiondo mgongoni. Sikumtazama usoni. Nilitazama miguu. Juu kulikuwa na tope jekundu la Kangundo, bado bichi. Chini yake, limekaukia vifundoni, tope la kijivu lenye mchanga. La kwetu.

"Mtoto huyu siku hizi hasalimu watu?" mama akauliza. "Haya, niletee maji ninawe miguu."

"Ngoja kwanza, mwaitu," nikamwambia, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Ngoja nitazame."

Tulirudi nyumbani na mbegu za shangazi, na tulipovuna tukampelekea huko juu mbaazi na kunde. Nilidhani jiwe langu ndilo lililofanya kazi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Mwalimu hakuliacha kwa kutojua mpaka ulipo. Alijua ramani ingeweza kungoja, na mtoto hakuweza. Mungu aliigawa nchi kwa mvua na ukame, kisha akatupatia miguu.

Wewe usomaye haya, uwe upande wa mvua au upande wa kuingojea, Bwana akuletee mlangoni miguu unayoitazamia, na matope yake.